Marehemu wa Mfano

Mstari ule haukuwa wa Mwanatumu, angeweza kuapa. Kiolezo alikiandika yeye, kila kisanduku alikipima yeye, na jana jioni alikiacha kimetulia kwenye kivinjari kama alivyotaka: picha ya marehemu juu, jina chini ya picha, maneno ya msiba katikati, saa ya mazishi pembeni, na mwisho kabisa kichwa kidogo cha "Habari ziwafikie" ambacho chini yake hapakuwa na kitu. Asubuhi hii palikuwa na jina.

*Habari ziwafikie: Mwajabu Mwinjuma Singano, Muheza, popote pale alipo.*

Jina hilo moja lilikuwa limevuruga ukurasa mzima. Saa ya mazishi ilikuwa imesukumwa ikaingia chini ya picha, maneno ya msiba yalikuwa yamebanana upande mmoja, na marehemu mwenyewe alikuwa amekatwa kidevu.

"Hoza," aliita, "umegusa kiolezo changu?"

Hoza, mwenzake wa meza ya pili, hakugeuka. "Nina wazimu? Mara ya mwisho nilibadilisha rangi ya kitufe ukaninunia wiki nzima."

"Kuna mstari umejiandika wenyewe."

"Mistari haijiandiki, dada Tumu. Umeandika ukasahau. Hiyo ni dalili ya kuzeeka."

Tumu alimsonya akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake. Alikagua kiolezo kutoka juu hadi chini, akafuta kumbukumbu ya kivinjari, akafungua ukurasa upya. Jina lilikuwa palepale. Alijaribu kuupunguza ukubwa wa herufi, na kidevu cha marehemu kikarudi lakini saa ya mazishi ikapotea kabisa. Mpaka chai ya saa nne inaletwa alikuwa ameshakasirika vya kutosha kumkaripia aliyeileta.

Karakana yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, Ngamiani mjini Tanga, na kazi yake ilikuwa moja tu, kutengeneza violezo vya tanzia. Familia ikifiwa haina akili ya kupanga kurasa za wavuti. Inachagua kiolezo, inasema jina la marehemu na saa ya kuzika, na kivinjari kinajaza mengine, kisha ukurasa unasambaa kwa ndugu, msikitini, kanisani, redioni na kwenye vyama vya kuzikana. Kwa hiyo kila kiolezo kilipaswa kufunguliwa kwenye kivinjari kabla hakijatoka, kikaangaliwa kimekaaje kwenye simu ndogo, kwenye kioo kikubwa cha ukutani, na kwenye macho ya bibi aliyekuza maandishi mara tatu. Karakanani kazi hiyo waliiita kuonja, kama mtu anavyoonja mchuzi kabla wageni hawajakaa.

Shida ya kuonja tanzia ni kwamba lazima awepo wa kufa. Zamani wasanifu walijaza majina ya kubuni na maisha yakaendelea. Kisha ikaja ile miaka ambayo watu wa uongo walikuwa wengi mtandaoni kuliko watu wa kweli, madaktari wasiokuwepo, wachumba wasiokuwepo, wabunge waliosema wasiyoyasema, hadi vivinjari vikaundwa upya kwa hasira. Kivinjari cha siku hizi kikikutana na jina la mtu hukimbilia Sajili ya taifa kuuliza kama mtu huyo yupo au aliwahi kuwepo. Kikikutana na anwani huuliza kama nyumba hiyo imesimama. Jibu likiwa hapana, ukurasa wote unafubaa kuwa kijivu na hakuna ujanja wa kuurudisha. Alikufaje na anazikwa lini, hayo waliachiwa wafiwa waseme wenyewe.

Na kuandika jina la mtu aliye hai kwenye tanzia ni uchuro. Tanga hakuna aliyesoma kiasi cha kutojali uchuro.

Ndipo wakubwa wa mwanzo wa karakana walipompata Mwinjuma Singano. Alikuwa amekufa kweli, miaka kumi na moja sasa. Jina lake lilikuwa na urefu wa wastani. Alikuwa na picha moja tu, lakini imepigwa kwenye mwanga mzuri. Mke alikuwa amemtangulia, watoto hakuna, ndugu hakuna. Na kwa kuwa hakuna aliyemtolea tanzia alipokufa, kumbukumbu yake kwenye Sajili haikuwahi kufungwa, maana Sajili humfunga mtu pale tanzia yake ya kweli inapotangazwa. Anwani ya msiba waliweka ya kwao wenyewe, ghorofani juu ya duka la vitambaa.

Basi wakawa wanamuua kila siku ya kazi. Walipotaka maneno machache, Mwinjuma alifariki ghafla. Walipotaka kuona aya ndefu inavyokaa, aliugua muda mrefu akahangaishwa hospitali hii na ile. Aliwahi kugongwa na pikipiki, aliwahi kuzama, presha ilimwangusha mara nyingi tu. Kwa kweli walimpenda. Hoza akifika asubuhi alikuwa akiiamkia picha yake: "Shikamoo mzee Singano, leo tunakufa na nini?"

Ni Hoza huyohuyo aliyekuja kusimama nyuma ya kiti cha Tumu, kikombe mkononi.

"Unaonjea kwenye toleo jipya la kivinjari?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Basi si wewe uliyeandika. Toleo jipya linachukua ndugu lenyewe kutoka kwenye Sajili. Mzee amepata mtoto."

"Huyu? Amepata mtoto na yuko kaburini?"

"Wanaume bwana," alisema Hoza, akarudi kwenye meza yake.

Toleo jipya lingetoka kwa watu wote Jumatatu, na violezo vyote vya zamani vilipaswa kuonjwa kabla ya hapo. Tumu hakuwa na muda wa watoto wa Mwinjuma. Aliandika kanuni moja fupi juu ya kiolezo: sehemu ya ndugu isionekane wakati wa kuonja, na wala isimwarifu mtu. Kivinjari kikatii. Kidevu kikarudi, saa ya mazishi ikarudi pembeni, ukurasa ukawa safi kama jana. Aliendelea na kazi na hakuufikiria mstari ule tena siku ile.

*

Kesho yake, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, mwanamke mmoja alipanda ngazi akapiga hodi. Alikuwa amejifunika kanga kichwani, mfuko wa mchele mkono mmoja na kikapu cha machungwa mkono wa pili. Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya.

"Samahani jamani. Hapa ndipo msibani?"

Hoza alicheka. Alidhani ni utani wa mtu wa duka la chini.

"Msiba wa nani, dada?" aliuliza Tumu.

"Wa mzee Mwinjuma Singano. Nimeelekezwa hapa. Mimi ni mwanawe, naitwa Mwajabu."

Kicheko cha Hoza kikakatika. Tumu alisimama, akampokea kikapu kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Pole," alisema, na palepale akajiona mnafiki.

"Nimeshapoa. Yaani sijui hata nipoeje, mwenzangu, simjui." Mwajabu aliangaza chumba kizima, vioo na nyaya, akitafuta labda mkeka, labda wazee waliokaa. "Mama alikuwa hataki hata kumtaja. Mimi niko Muheza, nasimamia banda la kufungasha machungwa. Nimejifungua miezi mitatu iliyopita, na wiki iliyopita kliniki wakanipima damu, wakaniambia, mama, Sajili imemwona baba yako, kumbukumbu yake bado iko wazi, tukuunganishe naye? Nikasema niunganisheni, kwa nini nikatae? Nilifurahi. Nikasema mwanangu amepata babu. Sijatoka hata mlangoni, bangili ikaanza kutikisika."

Alinyoosha mkono kuonyesha bangili yake ya mawasiliano, ya bei nafuu, ya kijani.

"Ikasema baba amefariki kwa ajali. Nikalia barabarani na mtoto mgongoni. Kesho yake ikasema amefariki ghafla. Nikasema wamerekebisha. Jioni yake akazama. Jumapili nikaja mpaka hapa, nikakuta pamefungwa, mlinzi wa chini akaniambia hapa hapana msiba, ni ofisi. Nikasema hawa matapeli. Jumatatu akafa tena, Jumanne akafa tena. Jana asubuhi akafa, kisha bangili ikanyamaza. Kutwa nzima kimya. Basi nikajua sasa ndiyo kweli. Mtu anayekufa kila siku, siku akinyamaza ndiyo amekufa, au sivyo?"

Tumu aliitazama bangili ile ya kijani. Sheria ya Sajili aliijua kama alivyojua jina lake: kumbukumbu ya marehemu ikifunguliwa kwa ajili ya tanzia, hata ya kuonja, ndugu wa kwanza anaarifiwa. Ndugu mmoja tu, yule wa karibu kuliko wote, ili habari isipotee njiani. Ni haki ya kila mtu. Lakini Mwinjuma hakuwa na ndugu wa kwanza, na miaka yote ile walikuwa wakipiga kelele kwenye nyumba waliyodhani haina mtu.

"Jana ni mimi niliyezima zile habari," alisema. "Jina lako lilikuwa linanibomolea ukurasa."

Mwajabu alimtazama bila kuelewa. Tumu akamweleza, taratibu, bila kujipendelea. Alimwonyesha kiolezo, akamwonyesha kivinjari, akamweleza kwa nini lazima awepo mtu wa kweli na kwa nini asiwe aliye hai. Alipofika kwenye neno "tunamtumia" alilisema kwa sauti ndogo.

"Mnamtumia kufanya nini?"

"Kuonja. Kuona kama kurasa za watu wengine zimekaa vizuri."

"Kwa hiyo hizi zote." Mwajabu alishika bangili. "Ajali, kuzama, presha. Ipi ya kweli?"

"Hakuna hata moja."

Tumu aliifungua kumbukumbu yenyewe, ile ambayo karakanani hakuna aliyekuwa na sababu ya kuisoma baada ya jina na picha. Mwinjuma Singano, fundi wa reli. Alifariki hospitalini kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa na manispaa, upande wa wasio na ndugu.

Mwajabu hakulia. Aliisogelea picha mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Masikio," alisema. "Mwanangu ana masikio haya. Kwetu sote hakuna mwenye masikio kama haya, mama mkwe akawa anayatazama tu hasemi kitu."

Hoza alikwenda kusimama dirishani. Mwajabu alijifuta uso kwa pindo la kanga ijapokuwa ulikuwa mkavu.

"Dada yangu," alimwambia Tumu, "mimi sikuja kugombana. Mtoleeni tanzia moja, ya kweli. Watu wakae, wamwombee, tuanue tanga. Apumzike naye, amekufa mno."

*

Bwana Shekiondo, mwenye karakana, alimsikiliza Mwajabu kwa adabu zote, akampa pole, akaagiza aletewe chai. Kisha akawaita Tumu na Hoza kwenye chumba chake akafunga mlango.

"Tutamtolea," alisema. "Nani atakataa? Lakini baada ya Jumatatu. Tukimtangaza leo anafungwa, na violezo vilivyobaki tutavionja na nani?"

"Na mpaka Jumatatu?" aliuliza Tumu.

"Ile kanuni yako uliyoandika jana iache ilivyo. Jina lake halionekani, habari hazimfikii, hasumbuki."

"Atajua tunaendelea kumuua baba yake, ila yeye haambiwi."

"Tumu." Shekiondo alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na Tumu alilijua hilo, ndiyo maana mazungumzo yalikuwa magumu. "Umesahau yule marehemu wa Mkinga?"

Hakuwa amesahau. Toleo lililopita walichelewa kuonja kiolezo kimoja, kimoja tu, na kwenye simu ndogo picha ikafunika saa ya mazishi. Kaka mkubwa wa marehemu alisafiri kutoka Mwanza akidhani mazishi ni alasiri. Alifika kaburi limeshafukiwa. Alikuja mpaka karakanani, hakutukana mtu, alikaa tu kwenye benchi akiwauliza kama mdogo wake alikuwa amevalishwa vizuri. Tumu ndiye aliyekaa naye.

"Kila wiki watu wanakufa Pwani hii," alisema Shekiondo. "Wote hao ni wa kweli. Wakikosa kuzikana kwa sababu yetu, utamweleza nani kwamba tulikuwa tunamstahi marehemu mmoja?"

Hoza alikuwa ameshaanza kupekua Sajili kwenye kioo chake cha mkononi. "Tutafute mwingine. Huyu hapa, mama mmoja wa Handeni. Hana mtoto, hana ndugu, hakutolewa tanzia. Picha nzuri pia."

"Unajua hana mtoto?" aliuliza Tumu.

"Sajili inasema."

"Na Mwinjuma Sajili ilisema nini?"

Hoza alikizima kioo.

Tumu alikuwa akiutazama ukurasa wa Mwinjuma ukutani, ule uliowekwa kwenye fremu kwa ajili ya wageni. Miaka yote alijivunia ukurasa ule. Wanafunzi wakija aliwaonyesha jinsi nafasi nyeupe zilivyokaa, jinsi jicho linavyoshuka kutoka kwenye jina mpaka kwenye saa bila kukwama. Leo aliona aibu ya kweli, aibu ya mtu aliyesifia utulivu wa nyumba kumbe wenyewe wamehama. Ukurasa ulikuwa safi kwa sababu hakuna aliyemlilia yule mtu. Walikuwa wamechagua upweke wake kwa sababu ulipangika vizuri, wakaufanya kipimo cha wafu wa Pwani nzima, na kila aliyeacha watoto saba na mashemeji na wifi alipaswa kubanwa aingie kwenye nafasi ya mtu asiye na mtu.

"Kuna njia moja," alisema. "Aliye hai akikubali kwa sauti yake mwenyewe, Sajili inamruhusu."

"Nani huyo?"

"Wewe, bosi."

"Usinichurie!" Shekiondo aliinuka kabisa kitini. "Nina presha, nina wake wawili! Habari ikimfikia mmoja kabla ya mwenzake, hapo ndipo nitakufa kweli."

Hoza hakungoja kuulizwa. "Mimi naoa mwezi ujao. Wakwe wakisikia jina langu limepita kwenye tanzia hawaji hata na maji."

"Basi mimi," alisema Tumu, na alipolisema tu akatamani kulirudisha. Alikuwa na diploma mbili, na uchuro aliuogopa hivyohivyo.

"Na ndugu yako wa kwanza ni nani?" aliuliza Shekiondo kwa upole.

Tumu hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mama.

*

Bi Zaituni alipokea simu akiwa uani kwake Pangani. Kuku walisikika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nataka kukuomba ruhusa ya jambo, lakini usipige kelele kwanza."

Alimweleza yote, kuanzia mstari uliojiandika mpaka mchele wa Mwajabu uliokuwa bado umeegeshwa ukutani. Bi Zaituni hakupiga kelele. Alimwacha amalize.

"Kwa hiyo kila ukionja," alisema hatimaye, "mimi naambiwa mwanangu amekufa."

"Nitakwambia kabla, mama. Utakuwa unajua si kweli."

"Nitakuwa najua. Na moyo nao nitauambia?" Alimfukuza kuku mmoja kwa ukali. "Mimi ujumbe wa hivyo umeshanifikia mara moja, wa baba yako, na nilikuwa nimesimama hapahapa. Sitaki mwingine, hata wa uongo. Hata wa kazi."

"Basi, mama. Nimeelewa. Nitaacha."

"Nani kakwambia uache? Weka jina langu."

"Mama!"

"Mama nini? Uchuro? Kufa nitakufa tu, hicho kivinjari chenu hakinisogezi mbele wala nyuma." Sauti yake ikashuka. "Sikiliza, Tumu. Ukiweka jina lako, naumia mimi, ambaye sijui hata kiolezo ni mdudu gani. Ukiweka langu, unaumia wewe. Sasa kati yetu sisi wawili, nani anafanya hiyo kazi ya kuwafisha watu kila siku?"

"Mimi, mama."

"Basi habari zikufikie wewe mwenyewe. Niambie niseme maneno gani, niyaseme nikapike."

Aliyasema, jina lake kamili na kwamba amekubali kwa hiari yake. Sajili ikampokea.

*

Tanzia ya Mwinjuma Singano waliiandika jioni ileile. Mwajabu aliketi karibu na Tumu akayasema maneno, na Tumu akaandika jinsi yalivyotoka.

"Hapo mwanzo mnaandikaga 'anasikitika kutangaza'," alisema Mwajabu. "Na mimi simjui. Niseme nasikitika?"

"Unasikitika?"

Mwajabu alifikiri. "Ndiyo. Nasikitika kwamba simjui."

"Basi ni kweli. Naandika."

*Mwajabu Mwinjuma Singano anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, Mwinjuma Singano, fundi wa reli, kilichotokea Tanga miaka kumi na moja iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Dua itasomwa Jumamosi baada ya adhuhuri, nyumbani kwa bintiye, Muheza. Habari ziwafikie wote waliomjua.*

Tumu aliifuta ile kanuni yake fupi, na jina la Mwajabu likarudi mahali pake chini. Akatangaza. Kwenye kioo cha kuonjea picha ya Mwinjuma ilififia polepole, na pale ilipokuwa pakabaki mraba mweupe.

"Jumamosi tutakuja," alisema Shekiondo, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. Aliuinua mfuko wa mchele kutoka ukutani. "Huu utatutangulia Muheza kwenye gari langu. Sisi ndio tuliokaa naye kuliko mtu yeyote, kukosa itakuwa aibu."

Walipoondoka wote, Tumu akabaki na toleo jipya na mraba mweupe. Angeweza kungoja kesho, lakini alijijua, kesho angepata sababu. Aliandika jina la mama yake. Aliandika maneno ambayo alikuwa ameyaandika mara nyingi kuliko salamu, amefariki ghafla, akabonyeza kuonja.

Ukurasa ulikuja umepinda vibaya. Bi Zaituni alikuwa na dada wanne, mashemeji, wapwa, wajukuu wa dada, watoto aliowalea bila kuwazaa na akawaandikisha wote kwenye Sajili kama wake. Majina yalimwagika nje ya kisanduku, yakapita juu ya saa ya mazishi, yakaizingira picha yake mpaka ikabaki jicho moja na ukingo wa mtandio.

Kisha bangili ya Tumu ikatikisika.

*Pole sana, Mwanatumu. Mama yako mzazi, Zaituni, amefariki ghafla.*

Alikuwa anajua. Aliandika mwenyewe, kidole chake bado kilikuwa kwenye kitufe, na hata hivyo aliusoma ujumbe mara mbili kama mtu asiyejua. Alimwaza Mwajabu amesimama barabarani na mtoto mgongoni, siku baada ya siku. Alipiga simu kabla hajajua kwamba anapiga.

"Umeshaniua?" aliuliza Bi Zaituni.

"Nimeshakuua, mama."

"Ukurasa umekaaje?"

"Umepinda. Ndugu zako hawaenei."

"Hawaenei? Basi tanua hilo sanduku lenu. Asiachwe mtu, hasa mama yako mdogo Rukia, ataninunia mpaka ahera." Tumu akavuta kamasi. "Mbona unalia na mimi nakusikia?"

"Usikate simu, mama."

"Sikati. Lakini na mimi nina mboga jikoni."

"Weka tu hapo karibu. Ongea na kuku."

Tumu aliivua bangili akailaza mezani, sauti ya mama yake ikimgombeza jogoo fulani aliyemwaga maji, akavuta kiti na kuanza kukitanua kisanduku.